Nakshi ya almasi kwenye kitako cha bunduki: anayeanza ashike kifaa gani, mbao gani?

Fundi_Isevya (Tabora): Shikamooni wakubwa. Mimi ni seremala wa samani, nataka kujifunza kukata kwa mkono ile mistari ya kupishana inayoacha vinundu vya umbo la almasi na kuzuia kitako kuteleza mkononi. Nitumie patasi ndogo ya V niliyonayo, au kifaa cha safu mbili za meno? Na mazoezi nifanyie mninga au mpingo?

Ujiji_Mbao: Mninga, kaka. Mpingo ni mgumu mno, utamaliza makali kabla mkono haujazoea. Ila kwenye mninga usikate almasi ndogondogo, ncha zitamegeka. Mistari 16 hadi 18 kwa inchi inatosha. 24 iache kwanza. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha pua na kifua.

Mzee wa Kachoma: Marahaba, mwanangu. Patasi inatoa mstari safi, lakini kila mstari unauongoza kwa jicho. Wa tatu ukipinda kidogo, yote inayofuata inapinda nao. Kwenye kifaa cha safu mbili, safu moja inatembea ndani ya mfereji uliokwisha kuukata, ya pili inakata mwingine pembeni, nafasi ileile.

Kitengeneze mwenyewe. Vipande viwili vya bledi ya msumeno wa chuma, saga meno yaliyopanuka yalingane na ubapa wa bledi, weka bati la milimita 1 katikati, kaza kwa skrubu kwenye mpini. Bledi ina unene wa kama milimita 0.6, kwa hiyo mistari itaachana milimita 1.6: ndiyo hiyo 16 kwa inchi. Mfereji utatoka na sakafu bapa. Tupa ndogo ya pembe tatu itaufanya V.

Mistari mama miwili, ile ya kwanza inayoongoza mingine yote, ndiyo roho ya kazi. Kata almasi ya karatasi ngumu, sm 7 kwa sm 2, ilaze ikifuata urefu wa kitako, chora pande mbili zinazokutana, kisha zirefushe kwa ukanda wa plastiki unaopinda, maana rula haikai kwenye mviringo. Kata juujuu kwanza mistari ya pande zote mbili, ukianzia kwenye hiyo mama. Kina kinaongezwa taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ncha zichongoke.

Mama_Randa_KGM: Shikamoo mzee. Patasi mimi siiachi. Ukikaribia mpaka wa nakshi, safu mbili zinaruka nje na kukwaruza kitako. Hapo nashika patasi, nakata kutoka mpakani kurudi ndani. Na mswaki uwe karibu: vumbi likijaa mferejini, kifaa kinapanda na mstari unahama.

Mzee wa Kachoma: Marahaba. Hapo mpakani nakubaliana nawe kabisa.

Ujiji_Mbao: Vanishi isiguse almasi, itazijaza. Mafuta ya kitani kidogo tu, kwa brashi.

Fundi_Isevya: Asanteni sana. Jirani ana kitako chake, nianze nacho?

Mzee wa Kachoma: Hapana. Anza na ubao bapa, kisha kipande ulichokiviringa kama shingo ya kitako. Cha jirani kije baadaye, akifungue mwenyewe. Bunduki ibaki kwake mwenye leseni.