Je, jenomu ya kirusi inaweza kuthibitisha nani aliyemwambukiza nani?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nimesoma kwamba wataalamu huchunguza jenomu za virusi, yaani maelezo yao yote ya urithi yanayosomwa kama mfuatano mrefu wa herufi, kutoka kwa wagonjwa mbalimbali, kisha hueleza ugonjwa ulipitia njia gani. Ikiwa virusi vya wagonjwa wawili vinafanana herufi kwa herufi, je, hilo linatosha kusema kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake?

Jibu la kwanza

Halitoshi, na sababu imo katika namna kirusi kinavyojinakili. Kila kinapojinakili ndani ya seli huweza kutokea kosa dogo la herufi, na baadhi ya makosa hayo hurithiwa na virusi vinavyofuata. Ndiyo maana wagonjwa ambao virusi vyao vina kosa lile lile adimu huwekwa kwenye tawi moja la mti wa nasaba, yaani mchoro unaoonyesha ukoo wa virusi. Tatizo ni kasi. Jenomu ya kirusi cha UVIKO-19 ina herufi zipatazo 30,000, nayo hubadilika kwa wastani wa herufi mbili hivi kwa mwezi, ilhali mtu huweza kumwambukiza mwingine ndani ya siku chache. Kwa hiyo watu watatu waliopokezana ugonjwa wanaweza kuwa na jenomu zisizotofautiana hata kidogo, na hapo huwezi kujua nani alitangulia, wala kama kati yao hakuna wa nne ambaye hakupimwa. Ushahidi huu una nguvu zaidi katika kukanusha: wagonjwa wawili wa wodi moja wakiugua wiki moja, na virusi vyao vikatofautiana kwa herufi 15, dhana kwamba waliambukizana haina tena pa kusimama.

Jibu la pili

Naafiki, ila nisingependa ndugu yetu adhani kwamba mbinu hii ni ya kukanusha tu. Mwaka 2014 zilisomwa jenomu 99 za kirusi cha Ebola kutoka kwa wagonjwa 78 wa Sierra Leone, zikaonyesha kwamba mlipuko ule ulitokana na kirusi kuvuka mara moja kutoka kwa wanyama, kisha kikaenea kutoka mtu hadi mtu. Matokeo hayo yalitilia mkazo kazi ya kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Waandishi watano wa utafiti huo walifariki kwa Ebola kabla haujachapishwa, nami siwezi kuutaja bila kuwakumbuka.

Ebola ilipozuka tena Guinea mwaka 2021, jenomu zilifanana mno na zile za mlipuko uliokwisha mwaka 2016. Kama kirusi kingekuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu kwa miaka yote hiyo, kingekuwa kimekusanya mabadiliko mengi zaidi. Uchache wa mabadiliko uliwaelekeza watafiti kwenye maelezo kwamba kilikuwa kimejificha katika mwili wa mtu aliyepona. Ni matokeo ya kutangazwa kwa uangalifu mkubwa, maana walionusurika hawana kosa lolote, nao wamekwisha kunyanyapaliwa vya kutosha.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Je, mti huo wa nasaba hauwezi kupotosha pale ambapo sampuli zimetoka sehemu chache tu?

Jibu la tatu

Unaweza, tena kwa urahisi. Eneo linalosoma jenomu nyingi huelekea kuonekana kama chanzo cha ugonjwa, kwa sababu tu matawi mengi ya mti yametoka huko, na eneo lisilopima halionekani kabisa. Kwa hiyo kila sampuli inapaswa kuambatana na tarehe ya kuanza kwa dalili, mahali mgonjwa alipokuwa na watu aliokutana nao. Katika mfano wako wa wagonjwa wawili, mimi ningeanza kwa kuuliza nani aliugua kwanza na kama waliwahi kukutana, ndipo nizitazame jenomu.