Jiko la peleti linazimika nyama ikiwa katikati, kampuni inasingizia peleti zangu na kuninyima waranti

Wakuu, salaam.

Nimekuja na hasira na sitaificha. Nimelipa karibu dola 900 kununua jiko la kuchomea nyama la nje, haya ya umeme yanayochoma peleti za mbao, na kampuni iliyolitengeneza imekataa waranti kwa hoja ambayo kiufundi ni uongo na kisheria, kwa huku Marekani, haisimami. Jina lao silitaji kwa sasa kwa sababu madai bado yanaendelea, naomba msianze kubahatisha. Ninachotaka ni kila mwenye jiko la aina hii, au anayejipanga kulinunua, ajue kinachotokea ndani yake na ajue haki yake kabla hajapiga simu kwao.

Kwa wasiolijua: umeme wa jiko hili hauivishi nyama. Kinachoivisha ni moto wa kuni. Pembeni kuna sanduku la kumimina peleti, ambazo ni vumbi la mbao ngumu lililoshindiliwa mpaka likawa vipande vyenye unene wa kama milimita 6. Chini ya sanduku kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota ndogo, ndiyo inayosukuma peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma kilicho katikati ya jiko. Ndani ya kikombe kuna kiwashio, kijiti cha chuma kinachoiva kikawa chekundu dakika za mwanzo tu, moto ukishika kinakatiwa umeme. Feni inapuliza, sensa inapima joto, na kompyuta ndogo inaamua skrubu izunguke lini na ipumzike lini. Ukiliweka nyuzi 225 za Fahrenheit, kama 107 za Selsiasi, linatakiwa likae hapohapo usiku kucha wewe ukiwa umelala. Wanachouza ni huo usingizi wako. Moto na moshi hata mkaa unatoa.

Na si teknolojia ya juzi. Joe Traeger wa Mount Angel, Oregon, alipata hataza (patent, haki ya kulitengeneza peke yake) ya jiko la namna hii mwaka 1986, na hataza ilipokwisha muda wake 2006 makampuni mengine yakaingia sokoni. Tunazungumzia mashine ambayo watu wanaitengeneza kwa karibu miaka arobaini, kwa hiyo hadithi ya "bado tunaboresha mfumo" niliyoambiwa kwenye simu siipokei.

Langu linafanya hivi. Linawaka vizuri kabisa. Linapanda joto, linatulia, linafanya kazi saa kadhaa. Kisha, hasa likiwa limeshapata moto mwili mzima, skrubu inasimama. Peleti haziji, moto unakula zilizobaki kwenye kikombe, unakufa. Joto linaanza kushuka na feni inaendelea kupuliza hewa ya baridi juu ya nyama.

Mara iliyoniuma zaidi ni usiku wa kuamkia sherehe ya kuhitimu ya mwanangu. Niliweka kidari cha ng'ombe na mapaja ya mbuzi, wageni wanatoka mpaka Indiana na Kentucky. Nililala nikiamini simu itanipigia kelele joto likishuka, maana programu yao wanaitangaza kwa kazi hiyohiyo. Simu haikulia. Nilipoamka alfajiri jiko lilikuwa baridi na nyama ilikuwa vuguvugu. Wakuu, hapo hakuna ujanja. Idara ya Kilimo ya Marekani, USDA, inasema nyama isikae kati ya nyuzi 40 na 140 za Fahrenheit, yaani 4 hadi 60 za Selsiasi, zaidi ya saa mbili, kwa sababu humo ndimo bakteria wanapozaliana kwa kasi. Mimi sikujua imekaa humo saa ngapi. Kuna bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukichemsha tena. Nikamwaga vyote. Mke wangu alikuwa ameshamarinadi tangu jana yake, na mbuzi tuliagiza kwa bucha wa halali ambaye bei yake wenyeji wa hapa Columbus, Ohio, mnaijua. Tulianza upya na kuku asubuhi ile, watu wanaingia mlangoni.

Nikapiga simu. Hapa ndipo nataka msome kwa makini, kwa sababu ni hatari kuliko hasara ya nyama.

Kijana wa huduma kwa wateja aliniambia: "Zima, subiri kidogo, washa tena." Hakuuliza kama kikombe kina peleti. Hakusema nikafungue niangalie. Sasa fikirieni. Skrubu yangu inasimama, lakini kuna wakati inazinduka baada ya kupoa kidogo. Kompyuta inaona joto limeshuka, inaagiza peleti zaidi, zinamiminwa kwenye kikombe kisicho na moto, zinarundikana. Ukiwasha jiko katika hali hiyo, kiwashio kinaunguza rundo lote kwa chini. Unatoka moshi mzito mweupe, wakati mwingine wa njano, na huo moshi wenyewe ni gesi inayoweza kushika moto. Ikijaa chini ya mfuniko halafu moto ukashika ghafla, mfuniko unaweza kurushwa juu na aliyeinama kuangalia uso wake uko hapohapo. Kitabu cha jiko chao wenyewe kimeandika kwamba moto ukizimika, uchomoe waya, usubiri jiko lipoe kabisa, utoe nyavu na sinia la mafuta, umwage peleti na majivu yaliyo kwenye kikombe ndipo uwashe. Wameandika kitabuni, kisha wanamweka mtu kwenye simu anayemwambia mteja kinyume chake! Nilimsomea ukurasa. Akanyamaza, akasema atanihamishia kwa mwingine, simu ikakatika.

Barua pepe zilizofuata kila moja ilikuwa na kosa jipya la kwangu. Kwanza ni majivu. Nikawatumia picha za kikombe kilichosafishwa, maana mimi nanyonya majivu kwa mashine kila baada ya mapishi mawili matatu, jiko likiwa baridi. Kisha ni waya wa ekstensheni. Hoja hiyo ina maana, waya mwembamba na mrefu unapunguza volti na mota inakosa nguvu, lakini langu limechomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kisha ni baridi na upepo. Ilikuwa mwezi wa Juni. Kisha wakanitumia kiwashio kipya. Kiwashio! Kifaa ambacho kazi yake inaisha dakika za mwanzo, mimi ninalalamika jiko linazima saa ya tano tangu liwashwe. Anayejua jiko hili hata kwa wiki moja hawezi kutuma kifaa hicho kwa tatizo hili.

Mimi kazi yangu ni fundi wa viyoyozi. Mota, feni na sensa ndivyo vinavyonilisha. Nikaamua kulipima mwenyewe, na nawaomba ambao hamna uzoefu wa umeme msifungue sehemu hii jiko likiwa limechomekwa.

Kiwashio cha zamani kilikuwa kizima. Kwa umeme wa volti 120, kiwashio cha wati 200 kinatakiwa kisome karibu omu 72, na changu kilisoma hivyo. (Ukipima kikawa hakisomi kitu kabisa, kimekatika. Soketi ya usalama ya nje ikiwa inajikata kila unapowasha, mtuhumiwa wa kwanza ni hichohicho kiwashio, kimepasuka au kimeingia unyevu.) Sensa nilifuta masizi, nikailinganisha na kipimajoto changu, tofauti ilikuwa ndogo. Feni inazunguka bila kukwama. Likabaki la skrubu. Nikawasha jiko bila nyama, nikasubiri mpaka likasimama kama kawaida yake. Nikapima kwenye nyaya za mota: umeme unafika, kila zamu kompyuta inapoagiza. Mota haizunguki. Nikachomoa jiko, nikatoa ile pini inayounganisha mota na skrubu, pini nzima, haijapinda. Nikazungusha skrubu kwa koleo, inazunguka bila shida. Nikachomeka tena, mota ikiwa haijabeba mzigo wowote. Haizunguki. Nikaiacha ipoe, ikaanza kuzunguka yenyewe.

Mota imekufa nusu. Ikipata joto inagoma. Hakuna peleti duniani inayoweza kuizuia mota ambayo haijaunganishwa na skrubu.

Nimewatumia video yote hiyo. Jibu lao, nalifupisha: uchunguzi umeonyesha umetumia peleti zisizo za chapa yetu, peleti hizo huvimba na kukwamisha skrubu, kwa hiyo waranti ya miaka mitatu imebatilika. "Uchunguzi" gani? Hakuna mtu aliyefika kwangu, hakuna aliyeomba mota.

Ni kweli peleti zikilowa zinavimba, zinarudi kuwa vumbi na kugandamana ndani ya bomba la skrubu mpaka zinakuwa ngumu za kutoboa kwa drili. Ni kweli pia peleti za kupashia nyumba joto zisitumike kupikia, maana zinaweza kuwa za msonobari, au na mabaki ya gundi na rangi. Zangu ni za chakula, za mbao za mhikori (hickory) na mwaloni, nazihifadhi ndani ya ndoo yenye mfuniko, ukivunja moja inalia na inavunjika safi. Kosa lake pekee ni kwamba mfuko hauna nembo yao, na mfuko wenye nembo yao unauzwa bei ya juu zaidi.

Sasa sheria. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 inaitwa Magnuson-Moss Warranty Act. Inakataza kampuni kumfunga mteja kwenye waranti kwa sharti kwamba lazima anunue bidhaa fulani ya chapa fulani, isipokuwa wampe bure au wawe wamepewa kibali na FTC, tume ya biashara. Wanaweza kukukatalia kama wataonyesha kwamba bidhaa ya mtu mwingine ndiyo iliyosababisha ubovu. Mzigo wa kuonyesha ni wao. Na wasiseme hawajui, maana mwaka 2022 FTC iliichukulia hatua Weber, kampuni kubwa ya majiko ya nyama (si ninayoilalamikia mimi), kwa sababu waranti yake ilisema kutumia vipuri vya wengine kunaifuta. Iliamriwa kuondoa masharti hayo na kuwaarifu wateja. Sekta nzima ya majiko ilisikia. Hawa wangu bado wanamwandikia mteja sentensi ileile, kwa hesabu kwamba mtu mwenye lafudhi ya Kiswahili hataenda kuisoma sheria.

Nimeshaandika malalamiko FTC na kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio, ofisi yake inapokea malalamiko ya walaji bure. Lile la kuambiwa niwashe jiko bila kumwaga peleti nimelipeleka SaferProducts.gov, tovuti ya tume ya usalama wa bidhaa, CPSC. Wasipojibu ninakwenda mahakama ya madai madogo. Hapa Ohio ukomo wake ni dola 6,000 na huhitaji wakili.

Neno kwa walioko nyumbani, maana nimeona watu wanauliza bei ya kuyapakia kwenye kontena kwenda Dar na Mombasa. Msikurupuke. Majiko haya ni ya volti 120 na hezi 60 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Transfoma itakushushia volti, hezi haibadilishi, na mota ya umeme wa AC iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiipa 50 za huko nyumbani inazunguka polepole, kwa hiyo peleti zinakuja pungufu na joto halifiki. Baya zaidi ni umeme kukatika. Feni ikisimama ghafla moto unaweza kurudi nyuma kupitia bomba la skrubu kuelekea kwenye sanduku lililojaa peleti. Ndiyo sababu hata kuzima kwake hakutakiwi kuwa kwa kuchomoa waya jiko likiwaka. Ukibonyeza kitufe, feni inaendelea dakika kadhaa mpaka moto uishe. Anayeuza jiko hili Tanzania bila kumweleza mteja hayo anamtafutia moto.

Mtakaoniambia nirudi kwenye mkaa, nawaelewa, na kwa mishkaki sina ubishi. Lakini kidari kinachotaka saa kumi na mbili, na mimi nina zamu kesho yake, sikuweza. Jiko hili likifanya kazi linatoa nyama nzuri sana, moshi mwembamba wa rangi ya bluu, mbuzi analainika mpaka mfupa unachomoka. Ndiyo maana nina hasira kiasi hiki. Limeuawa na mota ndogo ambayo wanakataa kuibadilisha.

Naomba wenye tatizo kama hili waandike hapa chini: mwaka wa kununua, linazima baada ya muda gani, mota mkiigusa likishazima (limechomolewa) ina joto kiasi gani, na waranti wamewajibu nini kwa maandishi. Barua zao msizifute. Zikifanana, nitaziambatisha kwenye faili langu kwa ruhusa ya kila mwenye barua, majina yakiwa yamefichwa.