Jozi za Kiswahili kwenye jaribio la kumbukumbu: washiriki wakiwa Waswahili tunafanyaje?

MzamiliUbongo

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa andiko la utafiti wa uzamili kuhusu kumbukumbu. Nataka kurudia jaribio la Karpicke na Roediger la 2008, lile lililotoka kwenye jarida la Science, kisha niongeze EEG (kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi za kichwani) siku ya mtihani wa mwisho. Kwa asiyelijua: wanafunzi wa Marekani walijifunza jozi 40 za Kiswahili na Kiingereza. Kundi la kwanza lilisoma jozi zote na kupimwa zote kila mzunguko. La pili, neno likishakumbukwa mara moja liliondolewa kwenye kusoma lakini likabaki kwenye kupimwa. La tatu likawa kinyume chake, na la nne neno liliondolewa kote kote. Wiki moja baadaye, makundi mawili yaliyoendelea kupimwa yalikumbuka kama asilimia 80. Mawili yaliyoachishwa kupimwa yaliambulia asilimia 36 na 33, na lile lililoendelea kusoma kila kitu halikufaidika na huko kusoma.

Sasa washiriki wangu ni wanafunzi wa chuo hapa Tanzania. Ukimuuliza maana ya "mashua" atakucheka. Maswali yangu:

1. Nitumie maneno gani badala yake?
2. Washiriki wangapi, na je, makundi manne ni lazima?
3. Kofia ya EEG ninayotarajia kuazima ina elektrodi 32 za jeli. Niangalie nini kabla ya kuanza?

MchumaManeno

Mkuu, swali la kwanza ndilo linaloangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kiswahili kilichaguliwa kule kwa sababu kwa mwanafunzi wa Marekani ni herufi anazozijua katika maneno asiyoyajua. Nelson na Dunlosky walichapisha 1994 orodha ya jozi 100 za Kiswahili na Kiingereza pamoja na ugumu wa kila jozi, na tangu hapo kila mtu anachota humo. Hata Umeå, Uswidi, wamewaingiza watu kwenye MRI (mashine ya kupiga picha ubongo) na jozi za Kiswahili na Kiswidi. Kwako wewe orodha hiyo haina kazi, na ugumu uliopimwa kule hauhami. Mmarekani akiona "wingu" anadandia neno lake la ubawa, anamfikiria ndege, anafika mawinguni. Mswahili hana daraja hilo wala halihitaji.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni lugha ngeni kabisa. Kilithuania kina orodha yake ya jozi 120 (Grimaldi, Pyc na Rawson, 2010). Chukua upande wa Kilithuania, weka tafsiri za Kiswahili. Neno geni liwe ndilo linaloonyeshwa, jibu liwe la Kiswahili, ili herufi zenye vialama kama š na ė zisimsumbue mtu kwenye kuandika. Chuja maneno yanayoishia -as, maana yakizidi yanafanana machoni na mshiriki anayachanganya.

Ya pili ni maneno ya kubuni yanayofuata silabi zetu. Yanavutia kwa sababu unadhibiti urefu na sauti, ila yana mtego ambao mtafiti wa Ulaya hawezi kuuona. Neno unalodhani ni tupu linaweza kuwa na maana Kisukuma, Kihaya au Kichaga. Wape orodha wasomaji wa lugha mbalimbali kabla ya lolote, na kila neno ambalo hata mmoja amelitambua lifute. Usianze neno na m-, ki- wala u-: mshiriki ataliweka kwenye ngeli na kuanza kukisia kama ni mtu, kitu au dhana.

Ya tatu, ambayo watu huipenda mpaka waijaribu, ni msamiati adimu wa Kiswahili chenyewe, tuseme wa vyombo vya baharini: foromali, omo, tezi, joshi. Aliyekulia Pangani au Lamu anaujua, wa Dodoma haujui. Hapo utakuwa unapima mtu alikozaliwa.

Mimi ningechukua ya kwanza.

Sasa upande wa majibu. Ondoa maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa, paa, ua, kata, mbuzi (mnyama au kifaa cha kukunia nazi). Ondoa yenye visawe vya mtaani. Jibu likiwa "fedha", nusu ya watu wataandika "pesa" au "hela", na programu itawakosesha. Usijaze ngeli ya ki-/vi-. Kiti, kisu, kiatu, kikombe na kitanda kwenye orodha moja ni kumpa mshiriki silabi ya kwanza bure. Majina ya wanyama kama simba, twiga na tembo hayana kiambishi cha kumsaidia, ila yakiwa mengi yanakuwa kundi la kukisia nalo.

Kisha pima mwenyewe ugumu wa maneno kwa watu 15 hadi 20 ambao hawatashiriki tena. Jozi ambayo karibu kila mtu anaipata mzunguko wa kwanza, au hakuna anayeipata hata mzunguko wa tatu, itoe.

TakwimuKwanza

Swali la pili. Makundi manne si lazima kama swali lako halihusu kuondoa maneno. Kila mshiriki afanye hali zote mbili: nusu ya jozi anapimwa, nusu anasoma tena. Ukitarajia athari ya wastani (d, kipimo cha ukubwa wa athari, ikiwa 0.5), uwezekano wa 80% wa kuiona na kizingiti cha 0.05 cha pande mbili, unahitaji washiriki 34. Ukitenganisha makundi mawili kwa athari hiyohiyo, ni 64 kila kundi, yaani 128. Kwa bajeti ya uzamili jibu linajionyesha. Ongeza wachache juu ya 34, kwa kuwa wapo wasiorudi kikao cha pili na wapo ambao EEG yao haitatumika.

Jozi zigawe A na B. Nusu ya washiriki wapimwe A na kusoma B, nusu kinyume chake. Bila hivyo mtu atakuambia A ilikuwa rahisi, na hutakuwa na jibu.

Muda usawazishe mpaka sekunde. Kosa linalojirudia ni hili: kupimwa kunapewa sekunde 8, kisha jibu sahihi linaonyeshwa sekunde 2, halafu kusoma tena kunapewa sekunde 5. Hapo umelinganisha sekunde 10 na 5, si kupimwa na kusoma. Kusoma nako kupewe 10.

Kati ya kusoma na kupimwa weka sekunde 30 za kuhesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu kuanzia, tuseme, 547. Glanzer na Cunitz walionyesha 1966 kwamba sekunde 30 za kuhesabu zinafuta ile nafuu ya maneno ya mwisho kwenye orodha. Mshiriki ahesabu kwa sauti, la sivyo atakuwa anarudia maneno kimoyomoyo.

Uchambuzi usiufanye kwa wastani wa asilimia za kila mtu. Kila jibu ni 0 au 1, tumia modeli mseto ya lojistiki (inayozingatia kwa pamoja tofauti za washiriki na za maneno) kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi cha lme4:

sahihi ~ hali + (1 + hali | mshiriki) + (1 + hali | neno)

Ikigoma kutulia, toa kwanza uhusiano kati ya vipengele nasibu, kisha mteremko wa neno (ile "hali" iliyo upande wa neno). Utaratibu huo uandike kabla hujaona data.

Siku ya kwanza usitangaze kwamba kikao cha pili ni mtihani, sema kina "kazi nyingine za kompyuta". Kamati ya maadili ilijue hilo, na washiriki waelezwe ukweli mwishoni. Ukikusanya data Kenya pia, kibali cha kamati ya maadili kinatangulia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya huko.

Elektrodi32

Nakuja kwenye EEG, na naanza na hesabu ambayo sijaona mtu akiitaja.

Unachokitafuta pengine ni tofauti ya kumbukumbu kwenye eneo la parietali la kushoto (juu, kuelekea nyuma ya kichwa), karibu na elektrodi iitwayo P3, milisekunde 500 hadi 800 baada ya neno kutokea. Ili wastani wake usimezwe na kelele, lenga majibu sahihi 30 safi kwa kila hali. Rudi kwenye jozi zako 40. Ukizigawa mara mbili, kila hali ina 20. Upande wa kusoma tena, baada ya wiki, ukipata asilimia 35 una majibu sahihi 7. Toa yaliyoharibiwa na kupepesa macho, unabaki na 5. Hakuna kichujio kitakachokuokoa hapo.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Jozi ziwe 120, 60 kila hali, na mtihani wa mwisho uwe baada ya siku 2 badala ya 7. Roediger na Karpicke walionyesha 2006, kwa vifungu vya habari, kwamba baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio walioongoza, lakini baada ya siku 2 waliojipima walikuwa wameshawapita. Kwa hiyo siku 2 zinatosha kuiona athari kabla usahaulifu haujakumalizia majibu.

Mengine kwa ufupi. Mshiriki asiandike papo hapo: neno lionekane, akumbuke kimya kwa sekunde 3, abonyeze kama analo au hana, ndipo aandike. Misuli ya taya na mikono inachafua kila kitu. Kichujio cha kukata mawimbi ya polepole kiwe 0.1 Hz. Watu huweka 1 Hz ili mstari upendeze, na wimbi la polepole wanalolitafuta linaondoka nalo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, basi endesha laptopu kwa betri na chaja ikae mbali. Ukatikaji nao usikukute umechomeka kipaza-mawimbi moja kwa moja ukutani.

Nywele sasa, maana miongozo mingi huandikwa kana kwamba kila kichwa ni kipara. Wigi, wivingi na rasta za kuongeza havikubali kofia. Waambie washiriki mapema, siku ya kupangiwa miadi, waje bila mafuta na bila nywele za bandia. Twende kilioni iliyosukwa kwa nywele zake mwenyewe haina shida, mradi mistari ya ngozi ipite penye elektrodi. Carnegie Mellon walitengeneza klipu za kubana elektrodi katikati ya mistari ya namna hiyo, kwa jeli ya kawaida inatosha kupanua mstari kwa kijiti cha pamba. Teremsha ukinzani chini ya kiloomu 10, usilazimishe 5 kwa kusugua mpaka mtu achubuke. Kwa wanaovaa hijabu andaa chumba chenye mlango unaofungwa na msaidizi wa kike. Usipofanya hivyo, sampuli yako itakosa kundi zima na hutajua kwa nini.

MzamiliUbongo

Asanteni sana wakuu, ile hesabu ya majibu 7 imenikata maini. Jozi 120 si zitamchosha mtu? Na kusahihisha majibu ya kuandikwa mnafanyaje?

TakwimuKwanza

Zitamchosha ukizimwaga kwa mkupuo. Gawa mikupuo mitatu ya jozi 40. Kila mkupuo: kusoma mara moja kwa sekunde 5 ni sekunde 200, kisha mizunguko mitatu ya sekunde 10 kwa jozi ni 1,200. Jumla 1,400, dakika 23 na ushee. Mikupuo mitatu ni dakika 70, ukiongeza mapumziko na kuhesabu nyuma, andaa saa moja na nusu. Siku ya kusoma usimvalishe kofia, ivae siku ya mtihani tu. Mtihani huo upime kila jozi mara moja, kwa kuwa wa pili utakuwa tayari umefundishwa na wa kwanza.

MchumaManeno

Kusahihisha: kompyuta ipite kwanza na kukubali yanayolingana kabisa, yaliyobaki yasomwe na watu wawili wasiojua jozi ilikuwa hali gani, na ukubaliano wao uupime kwa kapa ya Cohen (kipimo cha ukubaliano kinachoondoa ule wa kubahatisha). Sheria ziandikwe mapema: dh na z ni moja (dhahabu, zahabu), gh na g ni moja, h iliyoachwa inasamehewa.

Ya r na l ndiyo inayokwaza. Wengi huzibadilisha kwenye kuandika, na ungependa kuzisamehe. Lakini ukiwa na "kalamu" kwenye orodha, aliyeandika "karamu" amekosea herufi au amekumbuka neno jingine? "Mahali" na "mahari" ni hivyohivyo. Kila jibu unalolichagua libadilishe r kwa l na l kwa r. Likizaa neno jingine la Kiswahili, lisiingie kwenye orodha.