Baraka za Mkristo ni za rohoni tu, au na mfukoni zionekane?

NuruYaMakambako
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na Tumsifu Yesu Kristo kwa wa upande ule, nisije nikalaumiwa.

Jumapili tulihubiriwa Waefeso 1:3, kwamba Mungu ametubariki "kwa baraka zote za rohoni, katika ulimwengu wa roho, ndani yake Kristo". Nilitoka pale moyo mweupe. Njiani nikakutana na shoga yangu anayesali kwingine, nikamsimulia, akacheka. Akaniambia hayo ni maneno ya kujifariji, kwamba Mkristo aliyebarikiwa anaonekana: ana nyumba, biashara inakwenda, watoto wako shule nzuri. Ukisali miaka yote na bado unapanga chumba kimoja, jichunguze.

Mimi napanga chumba kimoja. Ila tangu nimeokoka nalala usingizi. Nimeacha vita na mawifi. Kuna mtu nilikuwa nimeapa hata msiba wake sitakanyaga, leo tunapikiana. Hiyo siyo baraka? Naomba tujadili kwa upendo, bila matusi. Nawasilisha.

KijanaWaUpako
Amen dada Nuru, hongera kwa kuokoka. Lakini shoga yako hajakosea sana. Yohana 10:10, Yesu amekuja tuwe na uzima, kisha tuwe nao tele. Tele maana yake tele. Ibrahimu alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu. Ayubu alirudishiwa mara mbili. Kasoro ni hizi dini za mkoloni zilizowafundisha watu kuufuga umaskini wakauita unyenyekevu. Mtu anaingia kanisani kanuna, anatoka kanuna, pambio la furaha anaimba kama anasoma tangazo la kifo. Walutheri furaha yao inaanza ibada ikishakwisha, kwenye mnada wa kuku.

MjukuuWaMachame
Ya Ibrahimu watakujibu wengine. Mimi nieleze kuku kakukosea nini.

Mnada haukuletwa na njaa ya mchungaji. Bibi kijijini hana noti mkononi. Ana mayai, ana mkungu wa ndizi, ana maziwa ya asubuhi. Anatoa alichonacho, kinatolewa nje baada ya ibada, mwenye hela ananunua, hela inaingia kwenye sadaka. Aliyekuwa hana cha kutoa ametoa, na amerudi nyumbani kichwa juu. Kwenu bibi wa namna hiyo anatoa nini? Au anaambiwa apande mbegu, yaani atume hela ili abarikiwe, kwa namba ya simu?

BodabodaMsomi
Mimi kwenye huo mnada niliwahi kumfikisha jogoo elfu sitini kwa sababu nilikaa karibu na wakwe. Baraka za rohoni sijui, ila pikipiki ilishinda bila oili.

KijanaWaUpako
Naona nimegusa penyewe. Mkuu wa Machame, hebu tuambie ukweli: mkungu mmoja unauzwa mara ngapi? Mtu ananunua, anasema "namzawadia mchungaji". Mchungaji anasema "naurudisha mezani". Unauzwa tena. Anayefuata anasema "naupeleka kwa kwaya". Kwaya wanaurudisha. Hiyo sokoni ina jina lake.

TangaKahawa
Mimi Muislamu, nipo pembeni na kikombe changu, sichangii ya dini za watu. Nauliza la kibiashara tu. Huo mkungu mwisho wa siku unaliwa na nani?

MjukuuWaMachame
Karibu ndugu wa Tanga. Unaliwa na mgonjwa, au mjane, au mgeni. Huyo kijana hajawahi kusimama mnadani hadi mwisho ndiyo maana hajui. Wakati wa kupeleka mkungu kwa mjane yeye huwa bado anakemea mapepo ya ukoo.

KijanaWaUpako
Sasa umeingia kwangu binafsi. Mapepo ya ukoo yanakemewa kwa sababu yapo. Kwenu Machame hamtambiki? Nitaje?

MamaWawiliMbeya
Jamani, dada wa watu kauliza jambo la maana, ninyi mnauza kuku.

Dada Nuru, mimi nakujibu. Soma Habakuki 3:17 na kuendelea. Mtini hautachanua, mizabibu haina matunda, zizini hamna kundi, na nabii anasema "walakini nitamfurahia Bwana". Hapo hakuna hata chumba cha kupanga. Pia Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Aliyeandika alikuwa jela kule Filipi, hakuwa hotelini.

Halafu tuna mifano ya karibu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu kupitia Bukoba, haukuwaahidi watu magari. Watu walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na maadui. Na furaha yao ilikuwa ya kuudhi, watu waliwaona kama wamerukwa na akili. Humo ndimo alimotoka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977. Askofu Festo Kivengere, ambaye aliwahi kufundisha shule hapa Dodoma, alikimbia nchi mwaka huohuo, na akiwa uhamishoni akatangaza kwamba amemsamehe Amin. Kumsamehe Amin! Mimi jirani akihamisha mpaka hatua moja nakosa usingizi. Mtu wa namna ile amebarikiwa au hajabarikiwa? Na alikuwa mkimbizi.

MsomaBiblia77
Samahani mama, Paulo hakuandika Wafilipi akiwa jela ya Filipi. Filipi alifungwa na Sila, Matendo 16, wakaimba usiku wa manane, likaja tetemeko, milango ikafunguka. Barua aliiandika baadaye akiwa kifungoni kwingine, akiwaandikia watu wa Filipi. Tusichanganye.

MamaWawiliMbeya
Kwa hiyo alifungwa mara mbili na mara mbili akafurahi. Asante kwa kuniongezea hoja.

MsomaBiblia77
Sikusema hoja ni mbaya. Nimesema mahali.

BodabodaMsomi
Naona hapa kila mtu ana aya yake. Mimi nina tukio. Februari mosi 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini. Walikwenda kufuata hizohizo baraka za "tele" anazozisema kijana. Nani aliwarudishia mara mbili?

KijanaWaUpako
Nilijua mtafika Moshi. Kila mjadala lazima mfike Moshi. Ile ilikuwa ajali ya msongamano, hata uwanja wa mpira watu hukanyagana, mbona hamsemi mpira uachwe? Na kwa kuwa mnapenda matukio: 2011 taifa zima lilipanga foleni Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha dawa ya Babu. Magari yalijaa porini, wengine walifia njiani na kwenye foleni. Babu alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa gani vile? Siyo la kilokole. Ni la hao wa mnada.

MjukuuWaMachame
Babu alitoza 500. Mia tano tu! Kwenu chupa ya maji peke yake ni bei gani?

KijanaWaUpako
Kwa hiyo tatizo ni bei sasa?

BodabodaMsomi
Mimi nilikunywa kile kikombe. Nilikuwa mdogo, mama alinipeleka. Kilikuwa kichungu. Sina la kuongeza.

MkenyaWaNakuru
Nyinyi mnabishana na kuku na kikombe. Huku kwetu Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Watu waliambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Sasa mtu akiniambia mambo ya kudharau mwili na mali ati roho peke yake ndiyo inabarikiwa, mimi huogopa sana. Hata hiyo njia ya kusema "ya duniani si kitu" ina watu imewaua.

MamaWawiliMbeya
Kaka wa Nakuru, pole sana kwa yale. Lakini kuridhika na chumba kimoja ni mbali na kuacha kumlisha mtoto. Usitufunge kamba moja na wauaji.

MkenyaWaNakuru
Sijawafunga, mama. Nimesema naogopa.

NuruYaMakambako
Wapendwa, nashukuru kwa michango. Hasa mama wa Mbeya, ya Kivengere sikuwa nayajua. Ila naomba turudi kwenye swali. Shoga yangu amenitumia ujumbe leo anataka nikapande mbegu ili nipate kiwanja. Nimwambieje bila kumkwaza?

MtulivuWaPeramiho
Ndiyo maana sisi Wakatoliki hatuna makelele haya. Hatuna mnada wa kushindana, hatuna mafuta ya kukanyaga, hatupandi mbegu. Misa inakwisha, amani ya Kristo, mtu anarudi nyumbani. Furaha yetu ni ya kimyakimya.

DadaWaKigango
Kimyakimya mpaka ufe! Hapo ndipo daftari la jumuiya, kile kikundi cha sala cha mtaa, linafunguliwa. Huyu hakusali jumuiya, huyu kadi ya zaka ina mapengo, huyu mchango wa ujenzi hakumaliza. Baba yangu mdogo alizikwa na wazee wa mtaa, padri hakuja, kwa maneno ya mwenyekiti wa jumuiya. Mtu aliyebatizwa, akaoa kanisani, akasomesha watoto seminari. Sitaji parokia. Mama yangu mpaka leo akisikia kengele anageuza uso. Usije hapa kutuambia habari za utulivu.

MtulivuWaPeramiho
Pole dada. Lakini kuna upande wa pili pia. Mtu hakanyagi jumuiya miaka yote, hajui hata jina la jirani anayesali naye, siku amekufa familia inataka padri, kwaya na maua. Kanisa siyo kampuni ya mazishi.

DadaWaKigango
Baba mdogo alikuwa amepooza. Jumuiya angeifikaje? Wao hawakujua njia ya kwake?

KijanaWaUpako
Hapo dada umeua. Njoo kwetu, hatuna daftari.

MjukuuWaMachame
Hamna daftari, mna mashine ya kadi.

KatekistaMstaafu
Wanangu, nimewasoma tangu mwanzo na nilitaka kunyamaza, lakini hili la mazishi siliachi.

Sheria ya Kanisa ipo wazi, Kanoni 1184. Wanaonyimwa mazishi ya Kanisa ni walioiasi imani waziwazi, wazushi na waliofarakana. Waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani. Na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kutawakwaza waamini. Tena hao wote, kama kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya kutubu, wanazikwa. Ukiwa na shaka, unamwuliza askofu. Zaka haimo. Kadi haimo. Kupooza ndiyo kabisa.

Nimezika watu wengi padri alipokuwa mbali. Hakuna siku niliuliza kadi.

MtulivuWaPeramiho
Shikamoo mzee. Kwa heshima, sheria unayosema ni kweli, lakini jumuiya zina taratibu zake za kichungaji. Wasioshiriki wakizikwa sawasawa na wanaoshiriki, nani atashiriki?

KatekistaMstaafu
Marahaba. Kwa hiyo unashiriki ili uzikwe?

MtulivuWaPeramiho
Sikusema hivyo mzee.

BodabodaMsomi
Umesema hivyo kabisa, tumesoma wote.

MsomaBiblia77
Na tukigusa zaka, watu wasome Kumbukumbu la Torati 14 yote, siyo Malaki 3:10 peke yake. Zaka ilikuwa mazao, unakula mwenyewe na familia yako mbele za Bwana. Njia ikiwa ndefu unauza, unanunua huko chochote roho yako inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo, imeandikwa mstari wa 26. Na kila mwaka wa tatu inawekwa malangoni kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Wale washibe! Nani kati yenu ameona zaka ya namna hiyo?

MjukuuWaMachame
Mimi nimeiona. Inaitwa mnada.

TangaKahawa
Hapo kwenye kileo pameandikwa kweli?

MsomaBiblia77
Fungua mwenyewe.

KijanaWaUpako
Huo mstari umeutoa nje ya muktadha. Agano la Kale lile.

MsomaBiblia77
Malaki ni agano gani, mtumishi?

KijanaWaUpako
Kuna tofauti ya kanuni na taratibu. Nitaeleza nikipata muda, nipo ibadani.

NuruYaMakambako
Nimemjibu shoga yangu. Nimemwambia kiwanja nitakinunua kwa hela ya vitumbua kama Mungu akipenda, na asipopenda nitaendelea kupanga na kuimba. Kanuna. Ila kaniuliza vitumbua nauza bei gani, jumla.

DadaWaKigango
Dada Nuru, hongera. Mimi niko na mzee. Mzee katekista, hiyo kanoni naomba uniandikie yote, neno kwa neno kama ilivyo, na namba yake. Jumuiya ya mama ina kikao Alhamisi na mwenyekiti ni yuleyule.

KatekistaMstaafu
Nitakuandikia usiku, macho yakiniruhusu. Nenda nayo, lakini usiende na hasira. Umpeleke na mama.

MtulivuWaPeramiho
Mwenyekiti naye apewe nafasi ya kujieleza.

DadaWaKigango
Atapewa. Atasimama wa pili.