Mjadala: Pweza mdogo akikataliwa mizanini, nani amelindwa?

Mleta mada (Tanga mjini)

Wadau, habari za jioni. Jambo hili ndilo kazi yangu kwa mwaka wa nne sasa, na limeanza kuninyima usingizi.

Nimeajiriwa kuhakikisha kwamba pweza anayenunuliwa kwa ajili ya kugandishwa na kupelekwa nje amevuliwa kihalali. Kwenye mkataba wangu inaitwa ununuzi wenye uwajibikaji. Kwa vitendo, bamvua likiingia na maji yakakupwa hadi miamba ikabaki wazi, nakaa pwani kando ya mizani. Wachokoaji, yaani wanaotoa pweza kwenye mapango ya mwamba, wanarudi, wengi wao kina mama na vijana, na mimi naandika kijiji, tarehe na kilo. Pweza wa chini ya gramu 500 namkataa, maana kanuni za uvuvi zinamkataza.

Bamvua moja mwaka jana, mama mmoja aliweka pweza sita. Wanne walikuwa wadogo, nikamrudishia. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ukimkataa huyu atafufuka?" Akawauza wale wanne palepale kwa kijana wa karai, kwa bei aliyoitaka yule kijana. Jioni walikuwa vipande juu ya sinia, na ndimu na pilipili. Ripoti yangu ya mwezi ule ilisema hatukununua pweza mdogo hata mmoja. Ilikuwa kweli, lakini mwamba haukufaidika kwa lolote, na yule mama alirudi nyumbani na pungufu.

Hoja yangu ni kwamba tunawajibika mahali pasipofaa. Pweza akifika mizanini keshakufa. Halafu hiyo gramu 500 yenyewe: utafiti uliofanyika Madagaska kwa pweza wa aina hii hii yetu ulionyesha kuwa jike kwa kawaida hukomaa akishapita kilo 2. Maana yake hata yule ninayempokea kwa furaha bado ni mtoto. Jike hutaga mara moja maishani, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, yakianguliwa naye hufa. Tukimtoa kabla ya hapo, tumeondoka na kizazi chake chote.

Kinachomsaidia ni mwamba kupumzishwa. Andavadoaka huko Madagaska walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Kwetu, Kisiwa Panza kule Pemba wamejaribu pia. Pweza hukua upesi mno, kwa hiyo miezi mitatu tu ni mingi kwake.

Swali langu: je, kampuni zinazonunua zilazimishwe kulipia mapumziko hayo, kwa kiasi fulani cha kila kilo kuingia mfuko wa kijiji? Mimi nasema ndiyo. Nipingeni.

Mvuvi wa Kigombe

Umesema vizuri, ila unaongea kama mtu anayelala mjini. Tukifunga mwamba, nani ataulinda usiku? Watakuja watu na tochi kutoka vijiji vingine, wachokoe tulichowatunzia.

Nakumbuka miaka ya baruti. Tulikuwa tunasikia mlipuko asubuhi, tunajua ni nani, na hakuna aliyetaja jina, maana yule ni mtoto wa shangazi na huyu ni shemeji. Hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kutangazwa mwaka 2009, mabomu yaliendelea. Yalipungua pale vyombo vya dola vilipofanya msako wa pamoja na kuwafuata hadi wauzaji wa baruti. Karatasi za mnunuzi hazikuwa na mchango hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya mfuko, ipeni BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, boti na mafuta ya doria. Vinginevyo mnafunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Wakala wa pweza

Mkuu, umetusahau sisi wa katikati. Mimi nanunua kwa pesa ya tajiri, na barafu ni yake. Ukimwambia atoe shilingi mia mbili kwa kila kilo kwa ajili ya mwamba, hatazitoa mfukoni mwake. Atanishushia bei mimi, nami nitamshushia mchokoaji. Mwisho wa siku mama yule yule wa pweza sita ndiye atakayelipia huo mfuko. Nani kati yenu atazuia hilo lisitokee? Nauliza kwa nia njema kabisa.

Mkonge, Korogwe

Nimefanya kazi mashamba ya mkonge zaidi ya miaka kumi, na hili nalijua vizuri. Katika uzito wa jani, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki, maji na makapi, kinatoka korona, mashine ya kuchakata majani, kwenda mfereji, na mfereji una mwisho wake mtoni. Wanunuzi waliopita mbele yangu waliuliza urefu wa singa, weupe na daraja. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza maji yanaelekea wapi. Hale walijenga mtambo wa kugeuza makapi kuwa gesi ya kuzalisha umeme, kwa hiyo njia inajulikana. Lakini kama bei ya singa safi ni ile ile ya singa iliyochafua mto, mwenye shamba atajenga mtambo kwa sababu gani? Namuunga mkono mleta mada: anayenunua ndiye aanze kutoa.

Mwanafunzi

Samahanini wakubwa. Nasoma mazingira mwaka wa pili na nilitamani kazi kama ya mleta mada. Bomba la mafuta kutoka Hoima lina urefu wa kilomita 1,443 na mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani, nikadhani watu wa aina hii watahitajika. Sasa nimebaki njia panda. Niendelee?

Mchokoaji, Mwarongo (anaandika binti yangu)

Nimesomewa yote. Wanaume wana miwani na mikuki, wanazamia. Sisi hatuna bahari nyingine ila ile inayoachwa na maji. Mkifunga mwamba wa karibu, aliyefungiwa ni mimi, mwenye ngalawa anaendelea. Sare za shule hazingoji miezi mitatu.

Sikatai kufunga. Zamani nilikuwa napata pweza wa kunichosha mkono, leo nazunguka tangu maji yanapotoka mpaka yanarudi napata vidogo. Naona mwenyewe. Lakini fungeni kipande, msifunge wote. Kipande hicho tuchague sisi tunaojua mapango yako wapi. Na huo mfuko ukae kwetu kina mama. Ukikaa ofisini tutaambiwa umekwisha.

Mleta mada

Shikamoo mama. Nimesoma maneno yako mara tatu. Niliandika "mfuko wa kijiji" bila kufikiri ni nani anashika pesa, na hilo ni kosa langu. Kufunga kipande, kichaguliwe nanyi: nimekubali.

Wakala, swali lako ndilo zito kuliko yote. Jibu nililo nalo ni bei kubandikwa ubaoni pwani, na kila mchokoaji kupewa risiti yenye kilo na bei, nakala ibaki kijijini. Tangu 1 Januari 2010 Umoja wa Ulaya hautaki samaki wa baharini asiye na cheti cha uvuvi, kwa hiyo karatasi inayoanzia pwani ipo tayari. Haina tu mahali pa kuandika aliyevua kalipwa nini. Mnunuzi anayeweza kudai tarehe anaweza kudai na hilo. Sitasema litamzuia kila tajiri, ila ukipunja kwa maandishi, kuna mahali pa kukushika.

Ndugu wa Kigombe, doria iingie kwenye hesabu ya mfuko tangu siku ya kwanza. Nimekosea kuiacha.

Mdogo wangu mwanafunzi, endelea. Ila kabla ya kuhitimu omba kwenda kuchokoa angalau bamvua moja zima, uone mzigo unavyopatikana. Mimi nilianzia mizanini, ndiyo maana nimechelewa kujua.

Bamvua linalokuja nakwenda na daftari la pili. Humo nitaandika pweza ninaowakataa: wangapi, uzito gani, nani kawanunua na kwa bei gani. Nitaliambatanisha na ripoti ya mwezi, wakitaka wasitake.