Tupeane uzoefu: data isiyoenea kwenye DVD moja unaigawaje?

Mwanzisha mada, Tanga
Wakuu, habari za leo. Napiga video za harusi. Nina GB 11 za mteja mmoja, sendofu, kanisani na ukumbini, na mama mzazi wa bibi harusi hataki flashi. Anataka DVD za kuweka kabatini pamoja na albamu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na faili ya GB 4.5, boksi la diski limeandikwa 4.7, nikamwahidi mteja kesho asubuhi. Programu ikagoma. Kiwandani wanahesabu GB moja ni baiti bilioni 1, Windows inahesabu kwa 1024, kwa hiyo 4.7 ile ukiitazama kwenye kompyuta ni 4.37 tu. Tangu hapo siamini boksi. Nyie mnafanyaje?

Mwenye stesheneri, Morogoro
Mkuu, mimi nilitumia 7-Zip, programu ya kubana na kugawa faili. Kwenye sehemu ya kugawa kuna kipimo cha DVD tayari, 4480M. Picha zangu za miaka sita zikatoka vipande vitatu, .001 hadi .003, kila kimoja diski yake. Nikafurahi sana. Baadaye diski ya pili ikakwaruzika, mstari mmoja mwembamba kama unywele, ikawa inazunguka tu bila kusoma. Bila .002 faili nzima haikufunguka, hata picha zilizokuwa kwenye diski ya kwanza na ya tatu, ambazo ni nzima kabisa. Mwanangu wa kwanza nilimpiga picha siku anazaliwa, zilikuwa humo. Siku hizi nikigawa hivyo natumia WinRAR, programu nyingine ya aina hiyo, na naongeza kipande cha akiba, .rev, nacho nakichoma kwenye diski yake. Kipande kimoja kikipotea, kinajengwa upya.

Dada wa Mombasa
Pole sana kaka, hilo linauma. Mimi sikati faili kabisa. Najaza diski kwa folda, mwaka kwa mwaka, naishia GB 4.2 ili pale ukingoni pasijae. Kila diski inajitegemea: ikifa moja, nimepoteza mwaka mmoja. Na kila diski naitia faili ya maandishi, ORODHA, yenye yaliyomo kwenye diski zote. Kutafuta picha moja kwenye diski 14 bila orodha ni kazi ya siku nzima.

Fundi kompyuta, Mwanza
Naongeza moja. Faili moja ikizidi GB 4, ISO 9660, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, mara nyingi huikataa hata kama diski ina nafasi. Kwenye programu ya kuchomea chagua mfumo mpya zaidi, UDF. Diski za tabaka mbili, GB 8.5, zipo, ila deki nyingi za zamani huzikataa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye deki ya mteja. Na choma polepole, kisha ihakiki kabla hujafuta kwenye kompyuta.

Mwanzisha mada, Tanga
Asanteni. Nimefuata njia ya dada: diski tatu, sendofu, kanisa, ukumbi. Ukumbi peke yake ulizidi kidogo, nikapunguza pale watu wanapanga foleni ya chakula, hotuba sikuzigusa. Leo nimempelekea mama. Alizishika zote tatu mkononi, akaniuliza ipi ina nasaha za babu. Nikachukua kalamu ya wino nikaandika juu ya ile ya kwanza: BABU, dakika ya 41.