Kidonda hakifungi tangu nianze kumuuguza mama

mama_wawili: Wadau, namuuguza mama mwenye ugonjwa wa kusahau, mwaka wa pili sasa. Saa nane za usiku anaamka, anatafuta jembe aende shamba. Nilijikata kidole nikimenya muhogo. Wiki ya sita hii, bado kibichi. Sukari nimepima, iko sawa. Yaweza kuwa mawazo?

mtu_wa_maabara: Pole sana dada. Yawezekana. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, waliwatoboa wanawake 13 waliouguza ndugu wenye ugonjwa kama huo kitundu cha milimita 3.5 mkononi, na wengine 13 wasiouguza. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa siku 9 hivi. Kotisoli, homoni ya msongo, ikizidi hupunguza kemikali zinazoita chembe nyeupe za damu kwenye jeraha.

bibi_Tanga: Hata hivyo kamwonyeshe daktari, mwanangu. Wiki sita ni nyingi. Na zamu ya usiku anakupokea nani?

mama_wawili: Hakuna, bibi. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi. Jumamosi anakuja kulala na mama, na kesho asubuhi naenda zahanati.